Uzi: Kwa nini lori lenye tani 44 huzuiwa mizani kwa kuzidisha uzito ilhali kikomo chake ni tani 50

Mleta uzi (Tabora Mjini)

Ndugu wanajukwaa, nimeufungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaopakia mizigo huku kwetu Tabora na Kigoma, hususan wenye stoo, makarani wa vyama vya ushirika, madalali na wenye malori machache ambao hawana mtaalamu wa usafirishaji wa kumuuliza. Kila msimu wa mavuno unapofika, malalamiko huwa yaleyale. Lori limepakiwa Urambo au Kasulu, jumla ya uzito wake iko chini ya kiwango kinachoruhusiwa, lakini likifika mizani ya Njuki pale Singida au ya Mwendakulima pale Kahama linaambiwa limezidisha na halitaondoka. Mwenye mzigo huamini kwamba ameonewa, mwenye gari humshuku dereva wake, na dereva hudai kwamba mizani ni mbovu. Kwa kadiri nilivyofuatilia jambo hili, mara nyingi hakuna aliyeonewa, kwa sababu wote watatu walihesabu jumla peke yake, ilhali sheria hupima jumla na hupima pia kila ekseli, yaani mhimili unaoshika matairi ya pande mbili, au kila kundi la ekseli.

Sheria inayotumika ni ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo nchini kwetu ilianza kutekelezwa tarehe 1 Machi 2019. Kwa mujibu wake gari lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 linapaswa kupita mizani. Ekseli ya mbele ya usukani yenye matairi mawili haipaswi kuzidi tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10, ekseli mbili zilizoongozana tani 18, na ekseli tatu za tela tani 24. Jumla ya gari zima haiwezi kupita tani 56, hata likiwa na ekseli saba. Matairi mapana ya moja moja, yale tunayoyaita supa singo, hupewa kikomo kidogo kuliko matairi pacha, kwa kuwa sehemu inayogusa lami ni ndogo zaidi, na hili ni jambo linalosahauliwa sana na wanaonunua tela zilizotumika nje ya nchi.

Kwa hiyo semi yenye kichwa cha ekseli tatu na tela ya ekseli tatu inapata 8 na 18 na 24, ambazo ni tani 50. Hapo ndipo wengi huishia. Wanatoa uzito wa gari tupu, wanapata nafasi iliyobaki, wanaigawanya kwa uzito wa mfuko mmoja, na idadi ya mifuko inayopatikana ndiyo inayokabidhiwa kwa vijana wa kupakia. Namna mifuko hiyo itakavyokaa juu ya tela huachiwa vijana hao, ambao kazi yao hulipwa kwa mfuko na hawana sababu ya kutembea hadi mwisho wa bodi ikiwa mbele kuna nafasi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tela lina bodi ya mita 12. Pini inayoliunganisha na kichwa iko mita 1 kutoka mbele, na katikati ya ekseli zake tatu ni mita 8.5 nyuma ya pini hiyo. Kichwa kitupu kina tani 9, yaani 5 kwenye usukani na 4 kwenye ekseli zake mbili za nyuma, zile za kuvuta. Tela tupu lina tani 7, ambapo 5 zinakaa kwenye ekseli zake na 2 zinaegemea kwenye pini. Tunapakia tani 28 za chumvi ya Uvinza, ambazo ni mifuko 560 ya kilo 50.

Mifuko ikitandazwa sawasawa kwenye bodi nzima, kitovu cha mzigo kinakuwa mita 5 nyuma ya pini. Ekseli za tela zinabeba tani 16.5 za chumvi na pini inabeba 11.5. Ukijumlisha na uzito wa gari lenyewe, na kwa kuwa uzito wa pini huangukia zaidi ekseli za kuvuta na kidogo usukani, ekseli za tela zinakuwa na tani 21.5, ekseli za kuvuta zinakuwa na takriban tani 16, na usukani una tani 6.5. Jumla ni tani 44 na kila kundi liko salama.

Sasa chumvi ileile, mifuko ileile 560, ipangwe kuanzia mbele na iishie mita 10, nyuma zibaki mita 2 tupu. Kitovu kinasogea mbele kwa mita 1. Pini sasa inabeba tani 14.8 za chumvi badala ya 11.5. Ekseli za kuvuta zinapanda hadi karibu tani 18.93, ilhali kikomo chake ni 18. Gari bado lina tani 44, bado liko tani 6 chini ya kile linachoruhusiwa kwa jumla, na bado limezidisha kwa kilo 930 kwenye ekseli za kuvuta. Hakuna mfuko hata mmoja ulioongezwa.

Ninaomba wenye uzoefu waongezee, hasa madereva.


Mchangiaji wa 2 (dereva, njia ya Kigoma)

Mkuu, nakushukuru kwa kuliandika jambo hili kwa hesabu, kwa sababu sisi tukilisema kwa mdomo huonekana kwamba tunatafuta kisingizio cha kupunguziwa mzigo. Ninaendesha kati ya Kigoma na Dar es Salaam, mara nyingine kwa njia ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, mara nyingine kwa njia ya Uvinza, Daraja la Kikwete pale Malagarasi, Kaliua, Urambo na Tabora. Mfano wako wa chumvi ni sahihi kabisa, kwa kuwa chumvi ni mzigo unaodanganya macho. Ukiitazama semi iliyobeba tani 28 za chumvi utadhani iko nusu tupu, na tajiri akipita kukagua atakuuliza kwa nini unaondoka na nafasi yote ile. Saruji iko hivyohivyo. Mifuko 20 ni tani moja, na safu chache tu zinatosha kukumaliza.

Kwa upande wa pili, tumbaku ya Urambo na Sikonge inajaa bodi hadi juu kabla ya uzito kufika kikomo. Hapo tatizo huwa ni kimo cha gari na jinsi mzigo unavyoyumba kwenye kona, na mizani hukuachia upite. Dereva aliyezoea kubeba tumbaku akipewa chumvi kwa mara ya kwanza, macho yake hayamsaidii.

Ninaongeza jambo moja la tangi. Lita 400 za dizeli zina uzito wa zaidi ya kilo 330, na matangi yamekaa kati ya usukani na ekseli za kuvuta. Gari lililopimwa tangi likiwa karibu tupu, kisha likajazwa mafuta Tabora, halina tena uzito ule kwenye ekseli zilezile. Nikiwa na mzigo uliokaribia kikomo najaza mafuta kabla ya kupima, si baada ya kupima.


Mchangiaji wa 3 (mfanyabiashara wa nafaka, Kasulu)

Ndugu mleta uzi, hesabu yako ninaikubali, ila ninaomba niulize upande wa pili ambao watu wa barabara hawapendi kuusikia. Gharama ya kuitoa tani moja ya mahindi Kasulu hadi soko la Dar es Salaam inalipwa na mkulima, kwa kuwa sisi wanunuzi huishusha kutoka kwenye bei tunayompa. Lori likibeba pungufu, gharama ya kila tani inapanda. Kwa nini basi tubanwe kwa kilo 900 kwenye ekseli ilhali jumla ya gari iko chini kwa tani 6? Barabara inabeba gari zima, haibebi ekseli.

Pia nimekuwa nikishuhudia gari moja likipimwa mizani mbili na kusomwa uzito tofauti. Mtu wa kawaida ataamini ipi?


Mchangiaji wa 4 (fundi wa ujenzi wa barabara, Nzega)

Kaka wa Kasulu, sentensi yako ya mwisho kwenye hoja ya kwanza ndiyo penye mzizi wa mjadala wote, na kwa heshima ninaipinga. Lami haiujui uzito wa gari zima. Sehemu moja ya barabara, kwa wakati mmoja, inakanyagwa na ekseli moja au kundi moja la ekseli, kisha inapumzika, kisha linakuja kundi linalofuata. Uharibifu unatokana na mkandamizo wa kila kundi na idadi ya mara unavyojirudia. Anayehusika zaidi na uzito wa gari zima ni mjenzi wa daraja, kwa sababu daraja linaweza kubeba ekseli nyingi kwa pamoja. Ndiyo maana kuna kikomo cha tani 56 juu ya vikomo vya ekseli. Ukichukua gari la ekseli saba lenye usukani na makundi matatu ya ekseli mbilimbili, hesabu ya ekseli peke yake ingekupa 8 na 18 mara tatu, yaani tani 62, lakini sheria inakukatia kwenye 56.

Kuhusu ukubwa wa uharibifu, chanzo cha hesabu zetu ni majaribio makubwa yaliyofanyika karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960. Malori yalizungushwa kwenye vipande vya barabara vilivyojengwa kwa ajili ya majaribio hayo, kila kipande kwa uzito wake, huku wahandisi wakipima lami inavyobonyea na kupasuka. Matokeo yaliyotumika tangu hapo, kwa makadirio, ni kwamba uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Hili maana yake si jepesi. Ekseli yenye kikomo cha tani 10 ikibeba 11, uzito umeongezeka kwa asilimia 10, lakini uharibifu umeongezeka kwa karibu asilimia 46. Ikibeba tani 12, uharibifu unazidi mara mbili. Ekseli ya usukani, ambayo wengi huiona kuwa haina madhara, ikitoka 8 ikafika 10, uharibifu wake unakuwa mara 2.4.

Sasa rudi kwenye mfano wa mleta uzi. Kilo 930 juu ya tani 18 ni asilimia 5.2 tu, lakini uharibifu wa kundi lile umepanda kwa zaidi ya asilimia 22. Barabara iliyosanifiwa idumu miaka 20 haihesabiwi kwa miaka ya kalenda, inahesabiwa kwa idadi ya ekseli za kipimo zitakazopita juu yake. Ekseli hiyo ya kipimo ni ya takriban tani 8.2. Tukizitumia kwa kasi, barabara inaisha kabla ya wakati wake, na huku kwetu tumesubiri lami kwa muda mrefu mno kuweza kufanya mchezo huo. Wanaoikumbuka njia ya Nyahua hadi Chaya kabla haijajengwa, au safari ya Kibondo wakati wa masika, wananielewa.

Gari lenye ekseli nyingi zaidi linaweza kubeba tani zilezile kwa uharibifu mdogo. Kwa hiyo ndugu yangu mwenye nafaka, dawa ya gharama yako ni kuongeza ekseli au kuupanga mzigo vizuri. Kilo 930 hizo ulikuwa na haki ya kuzisafirisha, kwenye ekseli za tela ambazo zilikuwa na nafasi ya karibu tani 6.


Mchangiaji wa 5 (msafirishaji, Tabora)

Nimefanya biashara hii tangu enzi za Kanuni za uzito wa magari za mwaka 2001, na ninaona vijana huko barabarani wanazungumza kana kwamba msamaha wa asilimia 5 juu ya kikomo cha uzito ni zawadi. Naomba niwakumbushe. Mwezi Oktoba 2013 aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, Dkt. John Magufuli, aliufuta msamaha wa asilimia 5 ambao ulikuwa ukitolewa bila tozo, wasafirishaji wakasimamisha magari, foleni zikaanza, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, akaingilia kati ili magari yaendelee wakati mazungumzo yakifanyika. Nilikuwa upande wa wenye magari na bado niko upande huo. Hoja yetu haikuwa kwamba tunataka kubeba asilimia 5 zaidi. Hoja ilikuwa kwamba mzigo husogea njiani, mvua hunyesha, mizani hutofautiana, na mtu aliyepakia kwa uaminifu hapaswi kulipishwa kwa mambo hayo.

Lakini niseme ukweli uliotuharibia hoja yetu. Kuna wenzetu waliouweka msamaha ule kwenye hesabu ya kupakia. Walianza na kikomo, wakaongeza asilimia 5, ndipo wakapakia hadi hapo. Matokeo yake, mvua kidogo tu ikiloanisha turubai, walikuwa wamevuka. Kisha walikuja kulalamika nasi katika kikao kimoja kama vile tuna tatizo moja.


Mleta uzi (Tabora Mjini)

Ninamshukuru mzee wetu msafirishaji kwa kumbukumbu hiyo, na ninakubaliana naye kabisa kwamba nafasi hiyo ya asilimia 5 isiingizwe kwenye hesabu ya stoo. Mimi ningependekeza kinyume chake, yaani anayepakia abakize nafasi ya chini ya kikomo. Kwa ekseli mbili za kuvuta lenga tani 17 au 17.3, usilenge 18.

Sasa nijibu swali la ndugu wa Kasulu kuhusu mizani mbili kutoa uzito tofauti, kwa sababu ni swali la haki na halijajibiwa.

Tofauti huweza kutoka kwenye gari, kwenye mzigo, au kwenye mizani yenyewe. Kwenye gari kuna mafuta, kama alivyoeleza dereva. Kuna tope lililoganda chini ya bodi na kwenye matairi, ambalo masika si jambo dogo. Kuna springi zilizochoka, ambazo huufanya mzigo uegemee ekseli moja kuliko mwenzake. Kwa mzigo wenyewe, mkaa na mbao hunywa maji, na nafaka iliyopakiwa kwa wingi bila mifuko husogea kwenye miteremko. Mbao mbichi ni jambo la pekee huku kwetu kwenye miombo. Mti uliokatwa na kupasuliwa ndani ya wiki chache unabeba maji mengi mno, na mfanyabiashara aliyezoea uzito wa mbao kavu za mninga akipakia idadi ileile ya mbichi atashangaa.

Kwa upande wa mizani, ziko zinazopima ekseli moja baada ya nyingine na ziko zinazobeba gari zima. Ile inayopima ekseli moja moja huathiriwa na dereva. Akiingia kwa kasi kisha akabana breki ekseli ikiwa juu ya sahani, uzito husukumwa mbele na namba zinapotoka. Ardhi ya kuingilia ikiwa si sawa, hutokea hivyohivyo. Ziko pia zile zinazopima gari likiwa kwenye mwendo, kama zilizopo Vigwaza mkoani Pwani, ambazo kazi yake ni kuchuja: gari lisilo na shaka linaendelea na safari, lenye dalili ya kuzidi linaelekezwa kwenye mizani ya kusimama, na namba za pale ndizo zinazoamua.

Mwenye mashaka anapaswa kuomba karatasi yenye uzito wa kila kundi la ekseli na kuihifadhi. Mizani zote za biashara na za barabara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo lalamiko lenye karatasi mbili mkononi lina pa kwenda. Lalamiko la maneno matupu huishia kwenye vijiwe vya madereva.


Mchangiaji wa 6 (karani wa chama cha msingi, Kaliua)

Wakubwa zangu, ninaomba kuongeza jambo la lumbesa, kwa sababu nimeona watu wengi wakihesabu kwa magunia bila kujiuliza gunia lina kilo ngapi. Gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Lakini tunalifahamu gunia la lumbesa, lile lenye kofia juu na kamba zilizofumwa kwa nje. Tuseme lina kilo 130. Magunia 280 ya kilo 100 ni tani 28. Magunia 280 ya kilo 130 ni tani 36.4. Gari limeongezewa tani 8.4 na karatasi ya safari bado inaonyesha magunia 280.

Kwa kweli mimi sioni namna dereva anavyoweza kujua hilo bila kupima. Aliyejua ni aliyejaza gunia na aliyelinunua. Mkulima ameibiwa kilo 30 katika kila gunia, kisha kilo hizohizo alizoibiwa zinakwenda kuvunja barabara anayoitegemea kufikisha mbolea.


Mchangiaji wa 3 (mfanyabiashara wa nafaka, Kasulu)

Karani, hapo umenigusa na sitajitetea kwa niaba ya wanunuzi wote. Mimi nanunua kwa kilo. Ila ninaomba nijibiwe swali dogo: nani hasa anawajibika gari likizuiwa? Mwaka huu mzigo wangu ulikaa njiani, sehemu ikashushwa, ikabidi nikodi gari jingine kufuata magunia yaliyobaki, na mwenye lori akanitaka nilipe kila kitu kwa hoja kwamba mzigo ni wangu.


Mleta uzi (Tabora Mjini)

Ndugu yangu, pole kwa gharama hizo. Mizani hushughulika kwanza na gari lililo mbele yake. Lililozidisha halipaswi kuendelea hadi mzigo upangwe upya au upunguzwe, na tozo yake hukokotolewa kulingana na uharibifu ambao uzito uliozidi unaufanya barabarani, ndiyo maana inapanda haraka kuliko kilo zenyewe. Tozo hiyo humwangukia msafirishaji. Namna ninyi wawili mtakavyogawana ni suala la mkataba wenu, na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa huku kwetu, kwa sababu mikataba mingi ni simu na maneno ya stendi.

Andikeni karatasi moja. Mwenye mzigo athibitishe idadi na uzito wa kila gunia, na uzito ukionekana kuwa mkubwa kuliko alivyothibitisha, gharama ni yake. Mwenye gari athibitishe uzito wa gari lake tupu kwa karatasi ya mizani, si kwa kukumbuka, na athibitishe kwamba mpangilio wa mzigo umekubaliwa na dereva wake. Jumla ikiwa sahihi lakini ekseli imezidi, kosa ni la mpangilio, na gharama ni ya mwenye gari. Katika kisa chako, kama kilo za magunia zilikuwa za kweli na jumla haikuzidi, mimi nisingelipa.

Maoni yangu binafsi, ambayo najua si kila mtu atayapenda, ni kwamba nguvu ya usimamizi ingehamishiwa zaidi mahali pa kupakia. Mizani ya njiani inakuta kosa lililokwisha kutendeka, ikiwa kilomita mamia kutoka kwenye stoo, na kushusha magunia 20 kando ya barabara usiku ni kazi isiyo na faida kwa yeyote isipokuwa wezi. Vituo vikubwa vya kukusanyia mazao, viwanda vya chumvi na maghala ya saruji vingeweza kuwa na mizani yake, hata ile ya kuhamishika ya kupima ekseli mojamoja, na gari lisitoke getini bila karatasi.


Mchangiaji wa 2 (dereva, njia ya Kigoma)

Hilo la getini ninaliunga mkono kwa mikono miwili. Dereva anayekataa mzigo akiwa stoo anaonekana mkaidi, na asipokuwa na karatasi ya kumwonyesha tajiri hana la kusema. Niliwahi kufanya kazi kwa tajiri mmoja aliyekuwa akisema, "wewe songa, mizani nitaongea nao mimi." Hakuwahi kuongea na mtu. Nilikaa na gari siku mbili, chakula juu yangu.

Niongeze tahadhari kwa wanaofikiria kukwepa mizani kwa njia za vumbi. Barabara nyingi zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zina mabango ya tani 10, na vikalavati vyake havikujengwa kwa ajili ya semi. Ukikwama huko, gharama ya kuvutwa inaizidi tozo, na umewaharibia wanakijiji njia yao ya pekee. Aidha, wanaovuka Manyovu kwenda Burundi wasidhani kwamba mpaka unabadili hesabu, kwa maana sheria hii ni ya Jumuiya nzima.


Mchangiaji wa 7 (mwenye Fuso, Kasulu)

Habari zenu wakuu. Nimesoma uzi wote. Mimi sina semi, nina Fuso tandamu ya ekseli tatu, ninachukua saruji Kigoma Mjini kupeleka Kasulu. Naomba mnisaidie nibebe mifuko mingapi, na niipange vipi?


Mleta uzi (Tabora Mjini)

Karibu sana. Kwa sheria gari lako lina 8 mbele na 18 nyuma, jumla tani 26. Lipime kwanza likiwa tupu, tangi limejaa, ukiwa na dereva na utingo ndani, kwa sababu bodi za kuchomelea hapa mitaani hutofautiana sana. Tuseme limesoma tani 10. Nafasi yako kisheria ni tani 16, ambazo ni mifuko 320. Kabla hujapakia zote, soma kibati cha mtengenezaji kilicho mlangoni au kwenye chesisi. Kama kinasema gari limeundwa kwa jumla ndogo kuliko tani 26, fuata kibati, kwa kuwa sheria inalinda barabara tu, haikulindii breki zako pale unaposhuka na mzigo.

Kwa kubakiza nafasi ningekushauri mifuko 300. Kwenye gari lisilo na tela, sehemu kubwa ya bodi iko juu ya ekseli za nyuma, kwa hiyo hatari kubwa kwako ni hizo 18 za nyuma kufika mapema. Usianzie nyuma na usiache mita moja tupu karibu na kibini. Tandaza safu ya kwanza kwenye bodi nzima, kisha ya pili, na mifuko inayobaki, isiyotosha kufanya safu kamili, iweke kuanzia ukuta wa mbele kurudi katikati. Ukimaliza, pima. Mbele ikisoma chini ya 7 na nyuma ikakaribia 18, hamisha mifuko 20 kutoka mkiani kwenda mbele na upime tena. Andika namba zote mbili kwenye daftari la gari, pamoja na namna mifuko ilivyokaa, ili safari ijayo vijana wa Kigoma wakupakie kwa mpangilio uleule hata kama wewe hupo.


Mchangiaji wa 7 (mwenye Fuso, Kasulu)

Nashukuru sana mkuu. Nimekisoma kibati, kinasema tani 25. Kwa hiyo ni mifuko 300 na isizidi hapo, sivyo?


Mleta uzi (Tabora Mjini)

Ndiyo, tani 25 ukitoa 10 inabaki 15, ambayo ni mifuko 300 kamili na haina hata nafasi ya turubai lililoloa. Beba 290.